Unga Uliomjua Mwenyewe

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, fundi wa maabara ya kemia alikuwa ameshaosha chupa thelathini na nane, na nne alikuwa amezibakiza makusudi. Chini ya hizo nne kulikuwa na unga mwekundu wa kahawia, umetulia ndani ya maji kama udongo wa mfinyanzi. Ulikuwa umekaa hapo tangu Ijumaa mchana. Kwa mujibu wa vitabu vyote vilivyokuwa kwenye rafu, ulipaswa kuwa umekwisha Ijumaa hiyohiyo, kabla fundi hajavua koti lake jeupe.

Fundi akavuta kiti, akakaa, akautazama. Unga nao ukakaa.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichovaa shingoni, lakini hakuna aliyekuwa akilisoma. Walimwita Bi Chupa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ndiye mwenye dhamana ya vyombo vyote vya kioo vya idara, na katika miaka hiyo alikuwa amevunja viwili tu, tena cha pili alisukumwa. Wanafunzi walisema anazijua chupa kwa sura na kwa tabia. Hawakukosea sana.

Unga huo uliitwa haidraidi ya shaba. Ni shaba iliyoshikanishwa na haidrojeni, na hao wawili hawapatani. Ukiwalazimisha wakae pamoja watakaa shingo upande, dakika saba, dakika nane, kisha haidrojeni itaanza kutoka kidogokidogo kwa viputo, ipande juu na kwenda zake. Chini itabaki shaba tupu, imekipaka kioo kwa ndani rangi ya sufuria kuukuu. Joto huwaachanisha upesi, na kukauka huwaachanisha upesi zaidi. Profesa aliyekuwa mkuu wa idara alikuwa amewahangaikia kwa miaka sita, kwa sababu aliamini kwamba wakipatana, mtu ataweza kubeba moto wa kupikia ndani ya kichupa kidogo badala ya kujitwisha mtungi. Mpaka wiki iliyopita, ndoa iliyodumu kuliko zote ilidumu dakika kumi na moja, na siku hiyo kulikuwa na baridi.

Miaka miwili ya kwanza Profesa alifanya majaribio yake mwenyewe. Baadaye safari za mikutano zikamzidi, akamwachia Bi Chupa kazi ya kutengeneza unga, yeye akabaki na kazi ya kuuelezea. Kwa miaka minne Bi Chupa aliutengeneza, ukafa, akautengeneza tena. Hakuwa akiutengeneza vilevile kila mara. Alinunua daftari la mistari la shule, na humo akaandika kila alichobadilisha: kwamba maji yachemshwe kwanza na kupozwa yakiwa yamefunikwa ili hewa isiyaingie, kwamba unga usafishwe mara tisa badala ya tatu, kwamba chupa isipanguswe kwa kitambaa, iachwe ichuruzike yenyewe. Ijumaa ilikuwa jaribio la mia moja na kumi na tano. Alipofika mara ya tisa ya kusafisha, akaona unga unatua kwa namna ambayo hajawahi kuiona, kama mtu anayekaa akijua hataambiwa inuka.

Profesa aliingia saa tatu kasoro, mkoba begani. Alikuwa mtu mpole, mwenye kukumbuka kuuliza hali za wagonjwa wa watu.

"Baba anaendeleaje?"

"Hajambo, Profesa. Macho ndiyo hivyohivyo."

"Mwambie nampa pole." Kisha akaziona chupa. Akainama. "Huu wa lini?"

"Wa Ijumaa."

Profesa akauweka mkoba chini taratibu. Akatazama chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akaomba daftari. Alilisoma akiwa amesimama, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akalikunja na kulitia kwenye mkoba. "Nitaliazima kidogo," alisema.

Jumatano kukawa na mkutano wa idara. Profesa alisimama mbele ya wahadhiri akiwa ameinua kichupa kimoja kwenye mwanga wa dirisha. "Ndugu zangu," alisema, "mmenivumilia miaka sita. Haidraidi hii nimeitengeneza mimi, na ina siku tano."

Unga ukachemka. Viputo vilipanda kwa pamoja, kizibo kikaruka na kugonga taa, na kabla Profesa hajashusha mkono, kichupa kilikuwa kimepakwa shaba ndani kote. Wahadhiri walikitazama. Mmoja akasema labda ni joto la mkono. Mwingine akafungua dirisha.

Alhamisi Profesa alipigiwa simu kutoka makao makuu ya chuo. Kichupa cha pili kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. "Ndiyo," alijibu kwenye simu, "ni matokeo yangu mwenyewe." Kifua chake kikalowa. Shati lile lilifuliwa mara nyingi baadaye, lakini pale kwenye mfuko lilibaki likinukia sarafu.

Aliyeona mambo yanavyokwenda alikuwa mtunza stoo. Huyu walimwita Rula, kwa kuwa hakuweza kuandika neno lolote bila kulipigia mstari chini yake. Alikuwa ameandika saa ya kila tukio, nani alikuwepo, joto la chumba, na maneno yaliyosemwa. Alimletea Bi Chupa jedwali lake sinki lilipokuwa limejaa povu.

"Bi Chupa, unga wako hauna shida na joto. Una shida na maneno."

"Maneno gani?"

Rula akamwonyesha safu ya mwisho. Bi Chupa aliisoma huku mikono ikichuruzika maji.

"Basi ndivyo ulivyo," alisema. "Maziwa yanaharibiwa na joto, huu unaharibiwa na hayo. Itabidi tuandike kwenye lebo."

Ijumaa walifanya jaribio kama linavyotakiwa kufanywa. Bi Chupa alitengeneza vichupa saba vipya, vikapangwa kwenye meza ndefu, na watu wa idara wakaja mmoja mmoja kusimama mbele ya kimoja na kusema sentensi ileile ya Profesa. Mhadhiri mwandamizi aliposema ameutengeneza yeye, unga ulidumu sekunde tisa. Mhadhiri msaidizi, kumi na mbili. Katibu muhtasi wa idara alisema kwa sauti ndogo, akaona viputo, akaomba radhi. Rula mwenyewe alipata kumi na nne, akaandika namba hiyo na kuipigia mstari kwa aibu. Profesa alipata sekunde nne. Waliporudia kwa uhakika, akapata tatu.

Kikabaki kichupa cha saba. Bi Chupa alikausha mikono kwa koti lake, akasogea, akasema kama anavyosema mtu anapotaja namba ya chumba: "Unga huu nimeutengeneza mimi."

Hakikupanda hata kiputo kimoja. Unga ulijikusanya katikati ya kichupa, rangi yake ikakolea mpaka ikawa kama matofali yaliyotoka kunyeshewa. Rula alishika saa mpaka wakati wa chakula, akaendelea kuishika watu walipokwenda kula, na alikuwa bado ameishika waliporudi. Profesa alikuja akaandika kwenye ubao: Mwisho wake haujulikani.

Bi Chupa aliingia stoo, akasimama kati ya rafu mbili za ndoo. Alijaribu kukumbuka ni lini katika maisha yake aliwahi kuisema sentensi ile, juu ya unga au juu ya kitu kingine chochote, hakukumbuka. Akaisema tena polepole, bila kichupa, ili asikie inavyotoka kinywani mwake. Ilitoka vizuri.

Jumatatu iliyofuata ikaja barua. Wageni watano wangefika baada ya wiki tatu kuikagua idara. Wakiridhika, idara ingejengewa jengo lake. Wasiporidhika, ingeunganishwa na idara nyingine na wafanyakazi wangepunguzwa, kuanzia mafundi. Mafundi wa idara walikuwa wanne, na Bi Chupa alikuwa mmoja wao.

Profesa akamwita ofisini. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Bi Chupa, nadhani siku hiyo itabidi useme wewe."

"Sawa, Profesa."

"Hutaogopa?"

"Nimeshausemea. Wageni watakuwa wanasikiliza tu."

Lakini Ofisi ya Utumishi, iliyokuwa ghorofa ya juu, ilikataa. Kwa mujibu wa taratibu, mtu wa ngazi ya fundi hakuruhusiwa kuwasilisha mada mbele ya wageni. Alichoruhusiwa ni kuandaa chumba na kugawa miwani ya kukinga macho. Profesa alipanda ghorofani mara mbili kubishana nao. Mara ya pili alirudi na majibu yaleyale.

Wokovu ulitoka kwa katibu muhtasi. Alikuwa akichapa ripoti ya Profesa huku kichupa kimoja kikiwa pembeni ya mashine yake, na alikuwa na mazoea ya kusoma kwa sauti anachokichapa. Alisoma: "Haidraidi ilitengenezwa katika maabara ya idara. Ilisafishwa mara tisa. Ilihifadhiwa kwa siku kumi na mbili." Akatazama kichupa. Unga haukutikisika. Akaita watu.

"Someni wenyewe," alisema. "Ilitengenezwa, ilisafishwa, ilihifadhiwa. Ripoti haimtaji mtu. Unga hauna ugomvi nayo."

Walijaribu mchana kutwa. Ilikuwa kweli. Ungeweza kuuambia unga chochote ulichotaka maadamu kitenzi chako hakina mwenyewe. Profesa alitembea huku na huko akisema iligunduliwa, ilibuniwa, ilifanikishwa, na kichupa kilikuwa kimetulia mkononi mwake kwa mara ya kwanza. Uso ulimrudia rangi. Akamgeukia Bi Chupa aliyekuwa mlangoni.

"Unaona? Hatujasema uongo hata kidogo."

"Kweli, Profesa, hamjasema uongo," alijibu Bi Chupa. "Hamjasema chochote."

Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwa miguu, na kichupa akakishika mkononi bila glavu wala barafu. Jua lilikuwa bado kali. Shaba na haidrojeni hazikuwahi kuvumilia hata hatua kumi kwenye jua kama lile. Yeye alitembea nusu saa, akapita penye mafundi baiskeli, akapita penye duka la vioo, akasimama kusubiri magari yapite, na unga ukawa umemtulia mkononi bila wasiwasi.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa kuziba rejeta za magari kwenye gereji moja, mpaka moto wa kuchomelea ulipomfifisha macho. Juu ya gereji kulikuwa na kibao kikubwa chenye jina la tajiri. Wateja waliotengenezewa magari yao walikuwa wakienda dirishani kumshukuru tajiri, ambaye hakujua ncha ipi ya chuma cha kulehemu ndiyo ya moto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini? Nasikia harufu ya rejeta."

Akampa kichupa. Mzee alikizungusha vidoleni, akakitikisa karibu na sikio, akakinusa penye kizibo. Bi Chupa akamsimulia yote: daftari, mkutano, shati la Profesa, sentensi, na vitenzi visivyo na mwenyewe. Mzee alisikiliza bila kumkatiza.

"Sasa unafikiri nini?" aliuliza.

"Nafikiri nisiutengeneze. Siku hiyo wafike wakute chupa zimeoshwa, hazina kitu."

"Wao watakosa nini?"

"Jengo. Na mafundi wenzangu watakosa kazi."

"Na wewe?"

Bi Chupa alifikiri. "Mimi nitaukosa unga."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia injini na kujua inakougulia. "Hebu iseme hiyo sentensi yako, niisikie."

"Unga huu nimeutengeneza mimi."

Kichupa kilipata uvuguvugu mikononi mwa mzee, akahisi. Ndani ya nyumba sufuria ilikuwa ikitokota, mfuniko ukigongagonga, wala hakuna aliyekwenda kuufunua.

"Rudia tena," alisema.

Akarudia. Mzee akakikumbatia kichupa kwa viganja vyote viwili, akakirudisha. "Magari mangapi nimeyaziba mimi," alisema, "na mdomo ninao, wala sikuwahi kusema." Walikula, na wakati wa kula alikuwa na furaha, akawa anatania kwamba wali wa binti yake ungeweza kuziba rejeta.

Bi Chupa akaamua kuutengeneza. Aliutengeneza kwa siku mbili mfululizo, kwa makini kuliko wakati wowote, na siku ya wageni ilipofika vichupa sita vilikuwa mezani.

Wageni walifika saa nne asubuhi. Walikuwa wanaume wanne wenye suti na mwanamke mzee mwenye bakora, mkemia mstaafu, ambaye alipopewa miwani aliipangusa kwanza kwa ncha ya kitenge chake kabla ya kuivaa. Bi Chupa aliwagawia miwani wote watano, akasimama karibu na mlango na trei tupu. Nyuma ya meza, kwenye rafu ndefu ya vitu vya kutupwa, vilipangwa vichupa vilivyokufa vya miaka minne, kila kimoja kimepakwa shaba kwa ndani. Vilitakiwa viwe vimetupwa zamani, lakini fomu ya kutupia ilikuwa haijasainiwa.

Profesa alizungumza dakika arobaini bila kukosea. Maji yalichemshwa. Yalipozwa. Mchanganyiko ulikorogwa. Unga ulisafishwa mara tisa, na sababu za mara tisa zikaelezwa. Alikuwa fasaha, na unga ulimsikiliza umetulia tuli. Wageni wanne wenye suti walikuwa wakiandika. Katibu muhtasi, aliyekaa kwenye kona, alikuwa akifuata ripoti kwa kidole, akitaja vitenzi kimoyomoyo.

Mwanamke mwenye bakora hakuandika. Alingoja Profesa amalize, kisha akauliza, "Ilitengenezwa na nani?"

Profesa alitazama vichupa sita, akawatazama wageni.

"Na idara," alisema.

Kwenye kichupa cha kati kiputo kimoja kikajitenga na unga. Kikapanda taratibu mpaka nusu ya maji, kikasimama hapo. Watu wote wakawa wanakitazama.

"Idara ina mikono?" aliuliza mwanamke.

"Mimi nilisimamia," alisema Profesa. Hilo lilikuwa kweli, na kiputo hakikusogea.

"Sikuuliza nani alisimamia, mwanangu."

Profesa alikuwa anajua kwamba sekunde tatu zinatosha kuliangusha jengo zima kabla halijajengwa. Hakumtazama Bi Chupa, lakini alisogea pembeni hatua moja, na mahali alipokuwa amesimama pakabaki wazi.

Bi Chupa akaiweka trei chini. Alitembea hadi kwenye meza. Ofisi ya Utumishi ilikuwa imemtuma karani wake kuhakikisha taratibu zinafuatwa. Karani huyo aliinuka nusu, akaona hakuna anayemtazama, akakaa.

"Unga huu nimeutengeneza mimi," alisema Bi Chupa.

Kiputo kikashuka. Kilirudi chini kwa njia ileile kiliyopandia, kikaingia kwenye unga, na vichupa vyote sita vikakolea rangi kwa pamoja. Kisha kwenye rafu ya nyuma ikasikika sauti kama ya mvua inayoanza kudondoka kwenye bati. Shaba ilikuwa inabanduka kwenye vioo. Kichupa cha kwanza mkono wa kushoto kilibadilika kikawa chekundu, kikafuata cha pili, kikafuata cha tatu, na wimbi likaenda hivyo mpaka mwisho wa rafu. Haidrojeni yote iliyokuwa imekwenda zake katika miaka minne ilirudi mahali pake. Haikujulikana ilikuwa wapi muda wote huo. Rula akainuka akahesabu. Vilikuwa mia moja na kumi na moja vilivyofufuka. Vitatu havikubadilika, na alipoangalia lebo zake akakuta vilitengenezwa na wanafunzi wakati wa mazoezi.

Wageni wakaandika namba hizo.

"Na ukiihitaji hiyo haidrojeni, unga unaitoa?" aliuliza mwanamke.

"Ukiuomba vizuri unatoa," alisema Bi Chupa. Akachukua kichupa kimoja, akakitia kizibo chenye mrija mwembamba wa kioo, akakifunika kwa kiganja kukipa joto kidogo. Akawasha kiberiti kwenye ncha ya mrija. Ukawaka mwali mdogo, mweupe, ambao ulikuwa karibu hauonekani. Akauweka mezani. Uliwaka kwa muda wote wa maswali, na ulikuwa bado unawaka wageni walipokwenda kula na kurudi.

Kwa saa nzima Bi Chupa alijibu maswali. Alieleza hewa inavyoingia kwenye maji na inavyotolewa. Alieleza mara ya nne ya kusafisha, ambayo watu huwa wanaiharakisha, na kwa nini hawapaswi. Alipotaja jaribio la sitini na mbili, ambalo lilimliza, mwanamke mwenye bakora alicheka na kusema yeye ana la kwake, la mwaka ambao wengi mle ndani walikuwa hawajazaliwa. Walipoagana, mwanamke alimpa mkono kwanza yeye, halafu Profesa.

Mambo yaliishia hivi. Idara ilipata jengo, la ghorofa tatu, lenye sinki zenye kina cha kutosha. Hakuna fundi aliyepunguzwa, na wanne wengine wakaajiriwa. Vichupa vilianza kupelekwa kwenye zahanati ambazo umeme wake ulikuwa wa kubahatisha, na huko miali midogo myeupe ikawa inachemshia vifaa vya wakunga. Bi Chupa alipelekwa kuiona mojawapo. Alisimama nyuma ya mkunga aliyekuwa kazini, akatazama maji yakichemka kwa unga wake, akarudi nyumbani akamsimulia baba yake hadi maji yale yalivyokuwa yakinguruma.

Ripoti ya wageni ilisema kwamba maelezo ya kuridhisha yalitolewa. Makala ikachapishwa kwenye jarida kubwa, ikiwa na majina ya Profesa na wahadhiri watatu, na mwishoni ikasema kwamba shukrani zinatolewa kwa huduma za maabara. Profesa alipandishwa cheo. Alilirudisha daftari la mistari likiwa limefungwa jalada zuri la plastiki, na tangu siku hiyo alikuwa akimwamkia Bi Chupa kabla hajaamkiwa. Bi Chupa aliandika barua ya kuomba kupandishwa ngazi. Alijibiwa baada ya miezi mitano kwamba ombi lake limepokelewa na kuzingatiwa, na kwamba imeonekana ngazi ya fundi haina ngazi nyingine juu yake. Aliisoma barua hiyo kwa sauti karibu na kabati la vichupa. Unga haukutikisika, kwa kuwa barua nzima haikuwa na mtu ndani yake.

Mafundi wengine saba ndio waliofuata. Bi Chupa aliwafundisha mmoja baada ya mwingine, akawasimamia kwenye mara ya nne ya kusafisha, akawakataza vitambaa. Wa kwanza kufaulu alikuwa dada mmoja mnene, mwenye haya, ambaye alikuwa hajawahi kusikika akisema jambo kwenye mkutano. Unga wake ulipotua, alimgeukia Bi Chupa kumwomba ausemee.

"Huu haunijui mimi," alisema Bi Chupa. "Sema mwenyewe."

Dada akasema. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ikatoka, na unga ukakolea.

Sasa kila asubuhi saa mbili kamili, kabla ya kazi nyingine yoyote, mafundi wanane wa jengo lile husimama mbele ya makabati yao, na kila mmoja huviambia vichupa vyake ni nani aliyevitengeneza. Hawaanzi pamoja wala hawamalizi pamoja. Sauti hutoka madirishani na kusikika hadi kwenye geti. Mwezi uliopita Ofisi ya Utumishi iliandika kulalamika kwamba maafisa wake hawasikilizani kwa kelele hizo. Bi Chupa alipewa barua ajibu, kwa kuwa Profesa alikuwa safarini. Aliketi kwenye meza ya katibu muhtasi, akavua glavu, akaandika kwamba barua yao imepokelewa, malalamiko yao yamezingatiwa, na imeonekana kwamba kelele zitaendelea. Kisha chini, mahali pa sahihi, akaandika jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, akalipigia muhuri.